Bendera ya Kukodi

Msomaji akimwona mwalimu mstaafu wa Singida ameketi kuandika habari za meli, ana haki ya kutabasamu. Mkoa wetu umekaa katikati ya nchi, na kutoka hapa mjini hadi Dar es Salaam ni mwendo wa kilomita 700 hivi kwa barabara. Maji tuliyojaliwa ni ya Singidani na Kindai, maziwa yenye chumvichumvi ambako chombo kikubwa ni mtumbwi wa mvuvi na wageni mashuhuri ni ndege heroe.

Hata hivyo tunaishi kwa bahari kama wanavyoishi watu wa Tanga. Dizeli inayoendesha mashine zetu za kukamulia alizeti, mbolea ya mashamba ya vitunguu, simu za mkononi, mabati ya nyumba, karibu vyote vilipita melini kwanza. Vinapopita barabarani kuelekea Rwanda na Burundi huwa ndani ya malori ambayo namba zake zinasema ukweli. Lori la Kigali lina namba ya Rwanda, mwenyewe yuko Rwanda, na likigonga mbuzi wa mtu pale Misigiri tunajua pa kuanzia kudai. Meli haiko hivyo. Meli yaweza kuwa mali ya Mgiriki, ikajengwa Korea, ikaongozwa na nahodha wa Ukraine, ikawa na mabaharia Wafilipino na Wahindi, ikanunuliwa kwa mkopo wa benki ya Ujerumani, na nyuma yake ikapeperusha bendera ya visiwa ambavyo haijawahi kuviona. Wataalamu wana majina yao ya heshima kwa jambo hili. Mimi naliita bendera ya kukodi. Nataka kueleza kwa nini mwenye meli hufanya hivyo, maana hafanyi kwa ujinga, kisha niseme ni nani anayelipia faida yake.

Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1950, baba yangu alikuwa na ng'ombe ambao hawakulala nyumbani kwetu. Wengine walikuwa kwa rafiki yake upande wa Ikungi, wengine kwa shemeji yake mbali zaidi. Sisi Wanyaturu tunaijua desturi hiyo, na makabila mengi ya wafugaji wanayo. Rafiki hunywa maziwa, hupata samadi ya shamba lake, na zizi lake huonekana limejaa mbele ya wageni. Mwenye ng'ombe naye hupata usalama: ugonjwa ukipiga zizi moja haumalizi mali yote, na mtu wa kodi akija kuhesabu mifugo, anahesabu anaowaona. "Na wale?" "Wale si wangu." Ilikuwa kweli na haikuwa kweli.

Mtu akitaka kuielewa biashara ya bendera, aanzie kwenye zizi hilo. Kila meli inayosafiri baharini lazima iwe na utaifa, maana huko nje, mbali na pwani ya nchi yoyote, hakuna serikali nyingine isipokuwa ile ya bendera. Akiuawa mtu melini, akidhulumiwa mshahara, ikivunjwa sheria ya usalama, nchi yenye bendera ndiyo yenye jukumu la kwanza. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 unaiachia kila nchi iweke masharti yake ya kusajili meli, ila unasema kuwe na uhusiano wa kweli kati ya nchi na meli. Uhusiano wa kweli ni nini? Mkataba haukufafanua. Mwaka 1986 Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba mwingine wa kufafanua jambo hilo, lakini nchi za kutosha hazikuuridhia na mpaka leo haujaanza kutumika. Basi mlango umebaki wazi, na wenye meli wamepita.

Wanapata nini? Watu hutaja kodi kwanza, na ni kweli. Katika madaftari hayo mwenye meli hulipa ada ya kusajili, kisha ada ya kila mwaka kwa kadiri ya ukubwa wa meli, iwe imepata faida au hasara. Faida yenyewe haiguswi. Lakini kwa maoni yangu jambo kubwa zaidi ni mishahara. Nchi nyingi zenye viwanda zilitaka meli za bendera yao ziajiri raia wao, kwa mishahara na likizo na malipo ya uzeeni ya kwao. Ukihamisha bendera, unaajiri mtu wa nchi yoyote kwa bei ya nchi yake. Bei ya mafuta na ya vipuri haibadiliki kwa kubadili bendera. Mshahara wa baharia hubadilika.

Kuna na wepesi. Mtu anaweza kusajili meli kwa siku moja au mbili kupitia kwa wakala, bila kutoka ofisini kwake, na akichoka na bendera hiyo anahamia nyingine. Mabenki nayo hupenda madaftari makubwa kama ya Liberia na Panama kwa kuwa sheria zake za rehani ya meli zinaeleweka, na mkopeshaji anajua atashika nini asipolipwa. Kisha kuna pazia. Meli moja huwekwa chini ya kampuni moja, na kampuni hiyo haina mali nyingine duniani ila meli hiyo. Meli ikivunjika, anayedaiwa ni kampuni ambayo utajiri wake wote uko chini ya maji. Desemba 1999 meli ya mafuta Erika, yenye bendera ya Malta, ilikatika vipande viwili karibu na pwani ya Brittany, Ufaransa, na mafuta yakachafua fukwe za watu. Kumjua mwenye mali kuliwahitaji wachunguzi kuchambua kampuni ndani ya kampuni, kama mtu anayemenya kitunguu cha Singida huku machozi yakimtoka.

Mambo haya yalianza kwa sababu ya ulevi, ukipenda kusema hivyo. Mwaka 1922, wakati Marekani ilipopiga marufuku pombe, meli mbili za abiria za Wamarekani, Reliance na Resolute, zilihamishiwa Panama ili abiria waendelee kunywa. Waliofuata hawakuwa na haja ya pombe. Waliona tu kwamba njia inapitika. Mwaka 1948 Liberia ilitunga sheria yake ya usajili kwa msaada wa Edward Stettinius, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, na daftari lake limeendeshwa kutoka Marekani. Leo Liberia, Panama na Visiwa vya Marshall ndizo zinazoongoza, na kwa pamoja zina zaidi ya theluthi ya uwezo wote wa meli za biashara duniani. Visiwa vya Marshall vina watu wachache kuliko wilaya ya Ikungi peke yake. Mongolia, nchi isiyo na tone la bahari, ina daftari la meli tangu mwaka 2003, na daftari hilo liliendeshwa kutoka Singapore. Nilipowasimulia wazee wenzangu habari hiyo, mmoja aliuliza kwa nini basi Singida tusisajili hata ndege.

Lakini asije mtu akadhani kwamba ujanja huu ni wa Wazungu peke yao au wa karne iliyopita. Pwani yetu iliujua kabla ya Panama. Uingereza ilipokuwa inazuia biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi, manowari zake zilikuwa na haki, kwa mikataba na Masultani, kusimamisha majahazi na kuyapekua. Ufaransa haikukubali meli zenye bendera yake zipekuliwe na Mwingereza. Ilikuwa ni suala la heshima ya taifa. Wenye majahazi wa Sur, mji wa pwani ya Oman, wakaona faida iliyokuwa mbele ya macho yao. Wengi wao walijipatia hati na bendera kutoka katika makoloni ya Wafaransa yaliyokuwa njiani mwao. Jahazi lilibaki la Msuri, nahodha Msuri, shehena ile ile, tende kushuka na boriti kupanda, na mara nyingine binadamu chini ya sitaha. Kilichobadilika ni kitambaa cha rangi tatu juu ya mlingoti. Desemba 1881, karibu na Pemba, Kapteni Brownrigg wa manowari ya London aliuawa alipokaribia kwa mashua jahazi lililokuwa na bendera ya Ufaransa. Ndani yake mlikuwa na watumwa.

Mzozo huo uliendelea hata Sultani Faisal bin Turki wa Muscat akalalamika kwamba raia wake hawamtii tena, kwa kuwa kila akiwashika wanasema wao ni watu wa Ufaransa. Uingereza na Ufaransa zikalipeleka shauri kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi huko The Hague, na hukumu ikatolewa Agosti 1905. Mahakama ilikubali kwamba kwa kawaida kila dola ina hiari ya kumpa bendera yake imtakaye. Lakini ikasema pia kwamba kwa kuwa Ufaransa ilikuwa imefungwa na Mkataba wa Brussels wa kupinga utumwa, tangu Januari 1892 haikuwa na ruhusa ya kuwagawia bendera raia wa Sultani, isipokuwa watu wachache waliokuwa chini ya hifadhi yake tangu kabla ya mwaka 1863. Waliokuwa wamekwisha kupewa kabla ya mwaka 1892 waliachwa nazo wao wenyewe, wasiwarithishe wala kuwapa wengine. Mimi hukumu hiyo naipenda. Inasema unaweza kumpa mtu mwavuli wako, lakini huwezi kumpa ili akafunikie alichokwisha kukatazwa.

Mwavuli nao huwa na bei yake kulingana na mwenye kuushika. Mwaka 1987, Iran na Iraki zilipokuwa zinashambulia meli za mafuta katika Ghuba, Kuwait ilihamishia meli zake 11 kwenye bendera ya Marekani, ambayo ina masharti magumu kuliko nyingi. Hapo mwenye meli hakutafuta bei nafuu. Alitafuta manowari za kumsindikiza, akazipata. Hata hivyo mojawapo, Bridgeton, iligonga bomu la majini Julai mwaka huo.

Sasa nirudi kwetu. Tanzania ina madaftari mawili ya meli. La Bara ni la meli zenye wenyewe wa hapa, na la Zanzibar, lililo chini ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar, hupokea pia meli za wageni. Bendera inayopandishwa katika yote mawili ni moja, ile ya Jamhuri ya Muungano, na chini ya jina la meli huandikwa Zanzibar. Sina ugomvi na wazo lenyewe. Visiwa vina historia ya bahari kuliko sisi wa bara, vinahitaji fedha, na wengine wote duniani wanafanya. Tatizo ni kwamba wapangaji wengine hawakuja kwa ajili ya bei nafuu tu.

Mwaka 2012, Ulaya ilipositisha kununua mafuta ya Iran, meli za kampuni ya taifa ya mafuta ya nchi hiyo zilianza kubadili majina na bendera. Juni mwaka huo mbunge wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Kikwete kumweleza kwamba baadhi yake zilikuwa zinapeperusha bendera ya Tanzania. Ilipochunguzwa zikapatikana 36, zimesajiliwa kupitia wakala aliyekuwa Dubai, na serikali ikatangaza kuzifuta. Aprili 2015 Waingereza waliikamata katika Bahari ya Kaskazini, mashariki ya Scotland, meli ya kuvuta meli nyingine iitwayo Hamal. Ilikuwa na bendera yetu, mabaharia Waturuki, na zaidi ya tani 3 za kokeini. Mwishoni mwa mwaka 2017 ikakamatwa Kaluba karibu na Jamhuri ya Dominika ikiwa na dawa za kulevya, na siku chache baadaye Wagiriki wakaikamata Andromeda karibu na Krete ikiwa na makontena 29 ya malighafi ya milipuko, safari ikielekea Libya. Zote mbili bendera yetu. Januari 2018 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliwaeleza wananchi jambo hilo, na Rais Magufuli akaamuru usajili wa meli za nje usimamishwe kwanza na zilizokwisha kusajiliwa, 470 hivi, zichunguzwe. Bandari za Ulaya, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikipanga bendera za dunia katika orodha nyeupe, ya kijivu na nyeusi kwa kadiri ya makosa ya meli zake, zilikuwa zimekwisha kutuweka katika nyeusi.

Nina tarehe moja ambayo sijaisahau katika mwaka ule wa 2012. Tarehe 18 Julai, wakati habari za meli za Iran zikiwa bado magazetini, boti ya abiria Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na zaidi ya watu mia wakapoteza maisha. Miezi kumi kabla yake, Septemba 2011, Spice Islander ilizama usiku kati ya Unguja na Pemba, nayo ikachukua mamia. Nchi iliyokuwa inashindwa kuhesabu abiria kwenye gati yake yenyewe ilikuwa imetia sahihi, kwa karatasi, kwamba itasimamia usalama wa meli kubwa 36 za mafuta zilizokuwa maelfu ya kilomita kutoka ofisi zake. Hapo ndipo namkumbuka rafiki wa baba yangu kule Ikungi. Ng'ombe akifa, hakutuma habari tu. Alipanda njia kwa miguu na kuleta ngozi, akaitandika mbele ya baba, ili baba aone alama yake na aone kama mnyama alikufa kwa ugonjwa au kwa kisu. Maziwa aliyokunywa yalikuwa malipo ya kazi hiyo. Kama angekunywa maziwa na asilete ngozi, baba angempa jina lingine, si la rafiki.

Huenda mambo haya yote yangebaki kwangu kuwa habari za redio kama si mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mdogo. Kijana huyu aliiona bahari kwa mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini, alipokwenda kusoma chuo cha mabaharia Dar es Salaam. Ada yake tulichangishana, na mama yake aliuza ng'ombe watatu. Mwaka 2021 alipata kazi kupitia kwa wakala katika meli ndogo ya mizigo, idara ya injini. Meli ilikuwa imeundwa kabla hajazaliwa. Ilikuwa na bendera ya nchi moja ndogo ambayo sitaitaja, mwenyewe alikuwa mfanyabiashara wa nchi nyingine, na kampuni ya kuiendesha ilikuwa na anwani katika nchi ya tatu.

Miezi minne alilipwa. Wa tano hakulipwa, wala wa sita. Meli ikatia nanga nje ya bandari moja ya Ghuba kusubiri shehena ambayo haikuja, kisha ikabainika kwamba haisubiri kitu; mwenyewe alikuwa ameshindwa madeni na ameiacha pale. Mabaharia walikuwa kumi na moja. Kushuka hawakuweza, kwa sababu hati zao za kuingia nchini zilikwisha muda, na bandari haikubali meli ibaki bila watu. Mafuta ya jenereta yalipokwisha, wakawa wanalala sitahani kwa ajili ya joto. Walivua samaki. Maji ya kunywa waliletewa na watu wa hisani, na hayo waliyapima kwa kikombe.

Alikuwa akinipigia simu usiku, mtandao ukipatikana. Siku moja aliniambia jambo ambalo nililala nalo. Meli nyingine ilikuwa imekuja kutia nanga jirani yao, na asubuhi jua lilipotoka akaona nyuma yake, kwenye tezi, rangi anazozijua: kijani, dhahabu, nyeusi na buluu. Chini ya jina imeandikwa Zanzibar. "Mjomba, nilipiga kelele kama mtoto," akasema. Akakimbilia kwenye redio ya darajani akawasalimia kwa Kiswahili, akataja jina lake na kwao Singida, akaomba wamsaidie hata mchele. Akarudia mara tatu. Aliyejibu alijibu kwa Kiingereza cha shida, akauliza anazungumza lugha gani. Hapakuwa na Mtanzania mle ndani, wala aliyewahi kufika Tanzania. Haki ya Mungu, hawakuwa watu wabaya. Jioni waliwashushia gunia la mchele na vitunguu kwa mashua. Lakini mpwa wangu aliniuliza, "Sasa mjomba, ile bendera pale inafanya nini?"

Mimi kwa miaka mingi nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Kila asubuhi nilisimama mbele ya wanachuo bendera ikipanda, na walimu watarajiwa niliwafundisha namna ya kuwaeleza watoto wa darasa la tatu maana ya rangi zake: kijani ni ardhi na mimea yake, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji. Nilikuwa na jibu kwa kila rangi. Kwa swali lile nilimjibu lililo kweli, kwamba pale inafanya biashara. Akanyamaza, nami nikasikia upepo katika simu.

Niliandika barua. Niliandika kwa ofisi ya usajili ya ile bendera ya meli yake, ambayo anwani yake haikuwa hata katika nchi ya bendera, sikupata jibu. Niliandika kwa kampuni ya kuiendesha. Barua pepe ikarudi. Mwenye meli nilimjua kwa jina la kampuni tu, na kampuni hiyo ilikuwa na meli moja, ile ile. Nimewahi kumfuatilia mzazi asiyelipa ada mpaka kijiji cha mwisho wa barabara na nikampata. Huku kila mlango nilioubisha ulinielekeza mlango mwingine. Ndipo nilipoelewa kwamba pazia nililolieleza hapo juu halikufumwa dhidi ya mtu wa kodi peke yake.

Waliowasaidia mwishowe ni Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Uchukuzi, ambalo limepigana na bendera hizi tangu mwaka 1948 na lina wakaguzi wake bandarini, na sheria moja ya zamani na ya busara: katika mahakama nyingi za bahari, meli ikiuzwa kwa deni, mshahara wa baharia hutangulia karibu madai mengine yote, hata la benki. Meli ilishikwa, ikapigwa mnada, ikaenda kwa wakata vyuma. Baada ya miezi kumi na mitatu tangu nanga iliposhuka, mpwa wangu alirudi na begi moja na sehemu ya mshahara wake. Alikuwa amekonda, na kwa wiki kadhaa alikuwa akificha maji chini ya kitanda. Kesi yake si ya ajabu. Mwaka 2024 shirikisho hilo lilihesabu meli 312 zilizotelekezwa na wenyewe, zikiwa na mabaharia zaidi ya 3,000, na nyingi zilikuwa na bendera za kukodi. Bendera yetu, kwa usajili wa Zanzibar, imo katika orodha yake ya bendera hizo.

Watu wa biashara wataniambia kwamba bila bendera hizi nauli za meli zingepanda, na mbolea ya Singida ingepanda pamoja nazo. Inawezekana. Wataniambia pia kwamba bendera ya kukodi si lazima iwe mbovu, na hapo nakubaliana nao kabisa, kwani Liberia na Visiwa vya Marshall zimo katika ile orodha nyeupe ya bandari za Ulaya. Wana wakaguzi, wana simu inayopokelewa, meli ikiharibika wanaitoa daftarini. Wanakunywa maziwa na wanaleta ngozi. Kwa hiyo swali la kuwauliza watu wetu wanaosimamia daftari si kama wageni wasajiliwe au wasisajiliwe. Ni swali la mkuu wa shule kwa mwalimu wa zamu: umewapokea wangapi, na usiku huu wako wapi? Kama ada ya meli mia nne haitoshi kumlipa mtu wa kwenda kuzitazama, basi ada hiyo ni ndogo mno au meli ni nyingi mno. Na dada yangu, aliyeuza ng'ombe watatu, hakuwa na hisa katika meli yoyote.

Kijana alirudi baharini mwaka 2023. Mama yake alilia. Mimi sikumkataza, kwa sababu ndiyo kazi aliyosomea, na vitunguu alivyojaribu kuuza vilimtia hasara. Safari hii kabla ya kutia sahihi tulikaa naye siku nzima tukisoma mkataba, bima ya nani, bendera ipi, na nani atalipa nauli ya kumrudisha. Ni meli kubwa ya kubeba nafaka, na mshahara haujachelewa hata mwezi mmoja. Kwa fedha hizo dada yangu ameezeka nyumba kwa bati na amerudisha ng'ombe wawili kati ya wale watatu.

Mwezi uliopita alituma picha kwa simu, amesimama gatini akiwa na kofia ngumu, na nyuma yake tezi ya meli iliyo ndefu kama uwanja wa mpira. Chini ya jina imeandikwa Majuro. Dada aliniuliza Majuro ni wapi, nikamfungulia atlasi niliyotoka nayo chuoni nikamwonyesha nukta katikati ya Bahari ya Pasifiki. Akaitazama sana, kisha akauliza kama mwanawe amefika huko. Nikamwambia bado, na kwa jinsi alivyosema, hata meli yenyewe haijafika.

"Sasa kaka," akasema, "hao watu wa Majuro wanamjuaje?"